Vidonge vya Wageni

Nilimpiga mkwe wangu kofi la uso mchana kweupe, mbele ya watu, mlangoni kwangu, naye ameshika kijiko. Kijiko kikaruka kikaangukia kwenye majivu. Dawa nyekundu ikamtapakaa shingoni kama damu ya kuku aliyechinjwa vibaya.

Kwetu Ugogoni mkwe hapigwi. Mkwe hata macho humkazii. Ukimwona anakuja njiani unapisha, unainama, unaamkia ukiwa umetazama chini. Na huyu hakuwa mkwe wa mbali. Alikuwa mama mzazi wa mke wa mwanangu, mwanamke mwenye mvi, ametoka Mpwapwa kwa basi, vumbi bado limo kwenye nyusi zake, amekuja kumjulia hali mjukuu wetu. Nikamlamba kofi. Nikiulizwa leo ningempiga tena, na mkono ni huu huu.

Nataka niieleze mwenyewe habari hii, maana ikisimuliwa na wengine naonekana kichaa.

Sisi wa upande wa Hombolo, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Zamani ulibeba kibuyu cha maziwa, au mayai, au unga wa uwele. Na aliyeleta kitu alimlisha mgonjwa yeye mwenyewe. Kwanza alionja kidogo, watu wote wamwone, ijulikane hakuna ubaya ndani yake, kisha akampa kwa mkono wake. Ukimzuia mtu asimlishe mgonjwa wako, umemwita mchawi bila kufungua mdomo.

Ikaja ile miaka ya maduka matupu, sabuni ikawa bahati, sukari tukaisahau ladha yake. Zahanati nayo tupu. Ulikwenda na homa ukarudi nayo. Kisha serikali ikasema ruksa, na vitu vikamwagika. Mnadani, pale pale kwenye mitumba na betri za redio, mtu alitandika turubai, akaweka sinia, akamwaga vidonge: vya njano, vyeupe, vya rangi mbili kama nyoka. Ulichota ukafungiwa kwenye kipande cha gazeti kama karanga. Dawa, ile tuliyoililia miaka yote, sasa ilikuwa inauzwa jirani na nyembe.

Basi watu wakaacha mayai. Mgonjwa akaanza kujuliwa hali kwa vidonge, na ikawa sifa. "Yule kaleta cha njano, wewe umeleta nini?" Na desturi haikubadilika hata kidogo. Mgeni alikilamba kidonge mbele za watu, akakunja uso, akakisaga kwenye kijiko cha maji, akamtia mtoto mdomoni kwa mkono wake.

Mjukuu wangu mwenyewe alikuwa mtoto wa meno. Alikuwa ameanza tu kukimbia, tumbo mbele, na aliuma kila kitu: ziwa la mama yake, sikio la mbuzi, kidole changu. Hasa kidole changu. Nikimpa mlenda kwa mkono anauma mpaka naruka. Mama yake akitaka kumchapa namzuia. "Mwache," namwambia, "asiye na meno huliwa."

Siku alipougua, mkwe akiwa bado kwao Mpwapwa, nilikuwa shambani tangu alfajiri nafukuza ndege kwenye uwele. Narudi jua liko utosini, nakuta viatu vya wageni mlangoni, na ndani kimya. Mtoto amelala kwenye mapaja ya mama yake, macho nusu, shingo imelegea. Pembeni yake tope la matapishi. Nikamshika. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

"Kala nini?"

"Hajala, mama. Amepewa dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya watu."

Nikamtia kidole mdomoni. Nikangoja. Hakuuma. Ulimi wake ulikaa tu juu ya kidole changu kama kitu kilichokatwa.

Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nikawafukuza wale wageni kwa ufagio, nikiwapiga miguuni, jirani yangu mmoja akatoka na kiatu kimoja. Nikamfunga mtoto mgongoni. Mke wa mwanangu nikamwambia akusanye kila karatasi, kila kidonge, kila chupa iliyo ndani ya nyumba hii, aje nayo. Tukaenda zahanati nusu tukikimbia, na njia nzima mtoto ananitapikia shingoni.

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke wa sauti, hana shikamoo ya kupoteza. Alimwaga zile karatasi mezani, akapanga vidonge kwa kidole.

"Nani kampa hiki?"

"Baba yake, alfajiri, kabla hajaenda kwenye zabibu," akasema mke wa mwanangu.

"Na hiki?"

"Mimi. Sikujua kuwa baba yake amempa."

"Na hiki cha njano?"

"Jirani."

"Na hii ya chupa?"

"Mama mmoja wa kanisani. Alimpa vijiko."

"Vijiko vya nini? Vya chai au vya kupakulia?"

Akaonyesha kwa mkono, kiganja kizima.

"Na hiki?"

"Huyo huyo wa kanisani. Alisema kinaongeza nguvu ya ile ya chupa."

Nesi akapiga meza kwa kiganja, vidonge vikaruka. "Nyie ni wauaji! Hiki, hiki, hiki na hii ya chupa ni dawa moja! Moja! Ni mtu mmoja amebadilisha nguo. Leo kavaa njano, kesho nyeupe, kwenye chupa kavaa nyekundu akanukia tunda. Ni parasetamoli. Mmemwingiza mtu huyo huyo tumboni mwa mtoto mara nne kabla ya mchana. Na hiki cha mwisho ni aspirini, mtoto wa namna hii hapewi kabisa, hata robo, hata akilia mpaka paa lianguke!"

Nikamuuliza, "Si dawa ya homa? Ikiwa nyingi si homa ndiyo inakufa haraka?"

"Bibi, homa haifi. Kinachokufa ni ini. Dawa hii ikizidi inakula ini kimyakimya, kama mchwa kwenye mwimo wa mlango. Leo mtoto atatapika, kesho utamwona anacheza, utashangilia, keshokutwa macho ya njano na unachimba kaburi. Huyu halali hapa. Anakwenda hospitali ya mjini sasa hivi."

Hapo ndipo mwanangu akatokea, ameambiwa shambani, mikono bado ina utomvu wa mizabibu. Hakuuliza. Alimshika mke wake kanga, akamzungusha, akampiga kofi la sikio, akaangukia ukutani. "Umemuua mwanangu!"

Mimi nilikuwa na fimbo yangu ya kufukuzia ndege. Nilimchapa nayo gotini kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Nikamchapa la pili la bega. Akapiga magoti mwanaume mzima, mbele ya foleni ya wajawazito.

"Wa kwanza kumpa ni nani?" nikamuuliza. "Sema! Kidonge cha alfajiri ulimpa wewe, ukaondoka hukumwambia mtu! Unyanyue mkono tena kwa mtu huyu, nitakuvunja huo mkono, na nilikuzaa mimi, najua unapoungana!"

Mjamzito mmoja akacheka. Mke wa mwanangu alijinyanyua mwenyewe, akajifuta damu ya mdomo kwa upindo wa kanga, akachukua mtoto mgongoni kwangu akamfunga kwake. Nilimwona jinsi alivyolikaza lile fundo.

Lori la mchanga lilikuwa linapita kwenda Dodoma. Nilisimama katikati ya barabara nikatanua mikono, dereva akafunga breki mchanga ukamwagika. Akanitukana tusi la mama. Nikamwambia mama yangu amekwisha kufa, atukane mwingine, atupakie. Akatupakia.

Hospitali walimchukua damu, wakamtundikia dripu, wakampa dawa ya kulinda ini. Walikuta malaria pia, ndiyo mwenye homa yenyewe, alikuwa amejificha nyuma ya vidonge vyote vile. Vidonge vinapoza joto tu, daktari akasema, mdudu vinamwacha anakula. Kila asubuhi waliangalia macho yake yasije yakawa njano. Nami niliyaangalia. Nilikuwa namfunua kope mpaka wakanifukuza. Na kila nilipopata nafasi nilimtia kidole mdomoni. Hakuuma.

Walipoturuhusu, damu imeonyesha ini ni zima, nesi wa wodi alimning'iniza mtoto kwenye mzani kama mchinja nyama apimavyo paja. Akasema dawa ya mtoto hufuata uzito wake. Umri hudanganya, maana kuna mtoto mkubwa mwepesi na mdogo mzito. Akampa mama yake chupa moja ya parasetamoli nyeupe na kikombe chake kidogo cha plastiki chenye mistari, akamwonyesha mstari. Kijiko cha nyumbani marufuku, kila kijiko kina tumbo lake. Ampe jua likichomoza, asimpe tena mpaka lisimame utosini, na akimpa utosini angoje lizame. Akiwa ana joto lakini anacheza na kunywa, amwache, amvue nguo, ampe maji. Akikataa kunywa, akilala haamki, akishikwa na degedege, mtoto apelekwe hospitali, wala asitafutiwe kidonge kingine. Na dawa ya malaria aimalize hata mtoto akipona.

Mke wa mwanangu alikuwa amesoma mpaka la saba. Alisikiliza midomo inatembea. Mimi nilisikiliza kwa ngumi zilizokunjwa.

Tukarudi. Homa ilikuwa bado inakuja na kwenda, malaria haitoki kama mgeni mwenye adabu. Na wageni wakaja mara mbili ya mwanzo, kwa kuwa sasa mtoto alikuwa amefika hospitali ya mjini, ni mgonjwa mwenye cheo.

Nikachukua mchi wangu wa kutwangia, nikakaa kizingitini, nikaulaza mapajani.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba. Mwoneni kutokea hapo."

"Tumeleta na kidonge."

"Lete." Nilivipokea vyote kwa mikono miwili, kwa heshima, nikainuka mbele yao nikavitupa kwenye shimo la choo.

Jirani yangu yule wa kiatu kimoja alikuja juu. "Kwa hiyo mimi mchawi? Sema! Miaka yote tunachota maji pamoja, leo mimi mchawi?"

"Mchawi ningemkaribisha," nikamwambia. "Mchawi huja peke yake. Nyie mlikuja kwa zamu."

Akanitemea mate miguuni. Nikautupa mchi ukampita karibu na kisigino, ukamvunjia kibuyu chake alichokiweka chini. Alikimbia anapiga yowe mpaka mbuzi wakakata kamba. Baada ya hapo wengi walijulia hali kwa mbali, wakisimama kwenye ua wa minyaa, wakipaza sauti. Nilipenda hivyo.

Ndipo mkwe wangu akafika kutoka Mpwapwa.

Sikuweza kumzuia kwa mchi. Mkwe ni mkwe. Nikainama, tukaamkiana vizuri, nikampisha. Akaingia, akamkuta mtoto amelala, ana joto. Mke wa mwanangu alikuwa ameteremka kisimani, na kabla hajateremka alikuwa amempa mtoto kikombe chake cha mchana. Niliona kwa macho yangu.

Nilikwenda kupuliza moto wa uji. Nageuka, mkwe wangu ametoka naye nje, amekaa naye kizingitini, watu wa kwenye minyaa wanatazama. Ametoa chupa kwenye kikapu, amefungua kizibo kwa meno. Na mkononi ana kijiko changu cha kupakulia mboga, kimejaa mpaka kinamwagika. Amekilamba kidogo mbele ya watu, vizuri, kama desturi. Sasa anakipeleka.

"Mkwe, ngoja. Amekwisha kupewa."

"Nimetoka mbali, mkwe wangu. Nimpe ya mkono wangu."

"Ni dawa ile ile. Amepewa sasa hivi."

"Ile nyeupe. Yangu nyekundu." Na kijiko kinakwenda, mtoto amefungua mdomo kwa kuwa kilinukia utamu.

Hapo ndipo kofi.

Hakukaa kimya, msifikiri. Alimweka mtoto chini akanirukia. Alikuwa na nguvu za mtu wa milimani. Alinishika nywele kwa mikono yote miwili akanivuta mpaka kwenye mafiga, chungu cha uji kikapinduka, uji ukaniunguza mguu, kovu lipo. Nikampiga ngumi ya kifua. Akaniuma bega. Nikamkaba. Tulibiringishana kwenye majivu bibi wawili, kanga zimefunguka, watu wa kwenye minyaa wanapiga kelele na hakuna aliyethubutu kuingia. Mtoto analia.

Na chini ya mikono yangu mkwe wangu akawa anapiga kelele, sauti imekatika kwa kukabwa: "Nilizika mmoja! Nilizika mmoja kwa degedege! Alikuwa wa moto hivi hivi, na mimi sina hata kidonge kimoja, zahanati tupu, duka tupu! Nilimshika mpaka akapoa! Huyu sikai nikamtazama! Niue, sikai nikamtazama!"

Mikono yangu ikalegea. Yake haikulegea. Akanipiga kichwa cha pua, damu ikanitoka.

Tukasikia mlio. Ulikuwa mlio mkubwa, kama mti umevunjika.

Mke wa mwanangu alikuwa amerudi kisimani. Alikuwa amesimama juu yetu ameshika mchi wangu, na mbele yake mtungi wangu mkubwa wa maji, niliourithi kwa mama yangu, umekuwa vigae. Aliupiga kusudi. Maji yalikuwa yanatufikia chini tulipolala.

"Kinachofuata ni kichwa," akasema. "Sijui cha nani."

Tangu aolewe nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kwa mkupuo. Alimnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, mchi uko mkono wa pili.

"Huyu nimezaa mimi. Baba yake alimpa, sikuambiwa. Wageni wakampa, nikaona haya kukataa. Nikapigwa mimi. Sasa basi. Mkono wa dawa ni huu hapa, mmoja. Mama wa Mpwapwa, lete hiyo chupa."

Mkwe wangu akampa. Mke wa mwanangu akaitazama karatasi ya chupa, akasoma. "Ni hii hii tuliyopewa hospitali. Angepata kijiko hicho juu ya kile cha mchana, tungerudi kwenye lori." Akaifunga kwenye upindo wa kanga. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, usimguse kope. Usimtie kidole mdomoni. Mtoto kachoka."

Mimi! Nilitaka kumjibu, lakini pua ilikuwa inavuja damu na nilikuwa nimeanza kucheka. Mwanangu alikuwa amepata mke wa kweli na sote tulikuwa hatujui.

Alimkalisha mama yake pembeni ya mtoto, akampa kitambaa na maji, akamwambia: "Wewe kazi yako hii. Mfute, mnyweshe maji kidogo kidogo. Ukiona anakakamaa, niite." Na mkwe wangu akakaa hapo mpaka jua linazama, mdomo umevimba, anafuta na kufuta. Hakumtazama mtoto mikono mitupu. Nadhani hicho ndicho alichokijia.

Wazee walinitoza mbuzi kwa kumpiga mkwe. Nikawaambia wachague wenyewe, wakachagua beberu mnono, wala sikubisha. Wakati huo mtoto alikuwa amemaliza dawa ya malaria, homa imeondoka, macho yake meupe kama maziwa. Kwetu ini la mbuzi wa suluhu huchomwa kwanza, na waliogombana hulishana kwa mikono. Mkwe wangu akanilisha. Nami nikakata kipande nimlishe, pua yangu bado imepinda, na imepinda mpaka leo.

Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu ameshika magoti yetu. Aliuona mkono unapita mbele ya uso wake. Akalirukia lile ini, akalikamata pamoja na kidole changu, akauma.

Alitoboa ngozi. Nilipiga ukelele mpaka wazee wakasimama. Mama yake akainua mkono amchape.

"Mwache!" nikamwambia, machozi yananitoka. "Mwache, aume!"